Uzi: Sanaa ya waliokimbia vita haina lazima ya kutuonyesha damu

Mwanzisha uzi, Makadara

Nawasalimu nyote barazani, wakubwa kwa wadogo.

Kila mara mjadala wa sanaa na vita unapoanzishwa hapa, huishia mahali pamoja. Mmoja huweka picha ya mtoto anayelia au ya nyumba iliyobomolewa, wengine huandika maneno mawili matatu ya kusikitika, kisha uzi hufa. Nimefungua uzi huu kupinga mazoea hayo. Kwa maoni yangu, kazi zenye uzito zaidi za wasanii waliokimbia vita, au waliozaliwa na wazazi waliokimbia, ni zile zisizotuonyesha jeraha lenyewe. Hutuonyesha ufundi wa mikono, chakula, barua na sauti, yaani vile vitu ambavyo vita vilikaribia kuvikata na bado havikukatika. Na kwa kuwa mji wetu wa Mombasa ulipokea majahazi yaliyojaa watu kutoka Somalia mwaka 1991, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari ya mwaka huo, sioni kwa nini tuwaachie watu wa makumbusho ya Ulaya peke yao kulizungumza jambo hili.

Nianze na tende, maana hakuna mtu wa pwani asiyeijua. Wazee wetu waliyaona majahazi ya Basra na Kuwait yakiingia bandarini na upepo wa kaskazi yakiwa na tende, kisha yakirudi na kusi yakiwa yamepakia boriti za mikoko kutoka Lamu. Msanii ninayetaka kumzungumzia, Michael Rakowitz, alizaliwa New York mwaka 1973, na upande wa mamake ni Wayahudi wa Baghdad walioiacha Iraq katika miaka ya 1940. Babu yake aliendesha biashara ya kuagiza na kusafirisha bidhaa. Mwaka 2006, wakati majeshi ya Marekani yangali Iraq, mjukuu aliifufua biashara hiyo katika duka dogo la Brooklyn na kuagiza shehena ya tende kutoka Iraq kwenyewe. Lilikuwa duka la kweli, lenye rafu na wateja, na wakati huohuo lilikuwa kazi ya sanaa.

Yaliyozipata tende hizo ndiyo sababu ya mimi kuandika. Shehena ilifika mpaka wa Jordan ikakwama katika foleni ileile waliyokwama Wairaki waliokuwa wakiikimbia nchi yao. Ikageuzwa kuelekea Syria, na huko tende zikaharibika. Wakati wote huo wateja, wengi wao Wairaki wa ughaibuni, walikuwa wakipita dukani kuulizia tende kama mtu anavyoulizia jamaa aliye safarini: zimefika wapi, zimezuiwa na nani, zi hali gani. Mwishowe vilifika visanduku vichache tu kwa njia nyingine. Hapakuwa na picha ya maiti katika duka lile, wala mlio wa risasi, lakini kila aliyeingia alielewa kwa nini tunda la Iraq linashindwa kusafiri na kwa nini binadamu wa Iraq anashindwa vilevile.

Kutokana na duka hilo Rakowitz aligundua jambo jingine. Asali ya tende iliyokuwa ikiuzwa madukani New York ikiwa na maandishi kwamba imetengenezwa Lebanon ilikuwa asali ya Iraq, iliyotiwa katika makopo yasiyo na jina na kupitishwa nchi baada ya nchi ili iepuke vikwazo na usumbufu wa forodha. Kopo lenyewe lilikuwa limebadilisha karatasi zake ili liweze kuvuka mipaka. Tangu mwaka 2007 amekuwa akiviunda upya vitu vya kale vilivyoporwa kutoka Makumbusho ya Taifa ya Iraq mwezi Aprili 2003, na malighafi yake ni makopo na karatasi za kufungia vyakula vya Mashariki ya Kati pamoja na magazeti ya Kiarabu. Mwaka 2018 alisimamisha katika uwanja wa Trafalgar, London, sanamu ya fahali mwenye mabawa na uso wa binadamu. Fahali wa asili alikuwa akilinda lango la mji wa Ninawi tangu takriban miaka 700 kabla ya Kristo, hadi wapiganaji wa kundi la Dola la Kiislamu walipomvunja mwaka 2015. Huyu mpya aliundwa kwa makopo 10,500 ya asali ya tende, akakaa pale hadi mwaka 2020. (Nimeona watu wengi wakimlilia fahali wa jiwe kuliko walivyowahi kuwalilia wakulima wa mitende waliofukuzwa mashambani mwao. Nadhani Rakowitz aliliona hilo pia, ndiyo maana akamvisha fahali makopo ya wakulima.)

Wa pili ni Dinh Q. Lê, aliyezaliwa mwaka 1968 katika mji wa Hà Tiên, Vietnam, karibu na mpaka wa Kambodia. Familia yake ilikimbia mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati majeshi ya Khmer Rouge, kundi lililokuwa likiitawala Kambodia, yalipokuwa yakiivamia sehemu hiyo, na ikaishia Marekani. Akiwa mtoto alikuwa ametazama shangazi yake akisuka mikeka ya nyasi, na alipokuwa msanii alichukua picha kubwa za vita, zikiwemo zile za filamu za Marekani ambazo zilikuwa zimeigeuza Vietnam kuwa hadithi ya mashujaa wa Kimarekani, akazikata vipande vyembamba na kuzisuka pamoja na picha za watu wa kawaida. Wanawake wetu wanaosuka ukili wataelewa upesi kuliko wakosoaji wa sanaa kinachotokea hapo: uzi mmoja hupita juu, mwingine chini, hakuna unaofutwa, na kila unaposogea picha moja hujitokeza huku nyingine ikijificha. Lê alirudi kuishi Vietnam, akawa anakusanya katika maduka ya vitu vikuukuu picha za familia zilizoachwa na waliokimbia, akitumaini kuiona hata moja ya familia yake. Alifariki mwaka 2024.

Wa tatu ni Mona Hatoum, Mpalestina aliyezaliwa Beirut mwaka 1952. Mwaka 1975 alikuwa ziarani London vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka Lebanon, akashindwa kurudi. Mwaka 1988 alikamilisha kazi ya video ya dakika kama kumi na tano, ambamo barua za mama yake kutoka Beirut, zilizoandikwa Kiarabu kwa mkono, zinatandazwa juu ya picha za mama huyo akioga, na Hatoum anazisoma barua hizo kwa Kiingereza kwa sauti ya chini, huku nyuma yake yakisikika mazungumzo na kicheko cha mama na binti kwa Kiarabu. Vita vinasikika katika barua hizo kwa mbali, pale mama anaposema mambo ya posta na ya njia zilizofungwa. Sehemu kubwa ni mazungumzo ya wanawake wawili waliotenganishwa.

Nauliza sasa: sisi wa Mombasa tuna nini cha namna hii, na kiko mikononi mwa nani?

Mama wa Kibokoni

Mwanangu, uzi wako nimeusoma wote na nimefaidika, hasa habari za tende. Lakini umenipita haraka mno katika ile kazi ya tatu. Picha za mama wa mtu akioga zinawekwaje mbele ya hadhara, hata kama juu yake pametandazwa maandishi? Sisemi kwa kuwa mimi ni wa zamani. Nasema kwa sababu waliokimbia vita wamekwisha kuvuliwa mengi njiani, na stara ni miongoni mwa machache ambayo mtu angeweza kuwarudishia. Kama hoja yako ni kwamba msanii asitumie majeraha ya watu, basi nieleze tofauti iliyopo kati ya kuonyesha jeraha na kuonyesha mwili wa mzazi.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mama, na ahsante kwa kunisimamisha hapo. Swali lako limo ndani ya kazi yenyewe, na ndiyo sababu niliichagua. Picha zile Hatoum alizipiga Beirut mwaka 1981, kwa ridhaa ya mama yake, katika mojawapo ya nyakati chache walizoweza kuonana. Katika barua zinazosomwa, mama anaeleza kwamba baba hakupendezwa hata kidogo na picha hizo, na inaonekana wazi kwamba binti na mama walikuwa na siri yao hapo. Kwa hiyo mtazamaji hapewi nafasi ya kusahau kwamba anachungulia mahali ambapo pengine hakualikwa. Na maandishi ya Kiarabu yamesimama kama waya au pazia: huwezi kuufikia mwili bila kupita katika mwandiko wa mama mwenyewe, na asiyejua Kiarabu hawezi kuupita kabisa.

Tofauti ninayoiona mimi ni ya nani anayesema. Aliyepigwa picha akiwa kwenye foleni ya chakula hana la kusema kuhusu picha yake. Mama yule ana barua, ana maoni, anacheka, anamtania bintiye, anamuonya. Hata hivyo nakubaliana nawe kwamba kazi hiyo isingeweza kuonyeshwa hapa Mji wa Kale bila kuumiza watu, na sidhani kwamba hilo ni upungufu wetu. Kazi nyingine za sanaa zina mahali pake. Barua zile peke yake, zikisomwa kwa sauti katika chumba chenye wanawake peke yao, zingetosha kwa Mombasa, na huenda zingefanya kazi kubwa zaidi.

Mwanafunzi wa Tudor

Nina swali dogo. Pale Ngome ya Yesu, katika sehemu ya makumbusho, kuna kipande cha ukuta chenye michoro waliyoichora Wareno waliokuwa wakikaa humo, kwa makaa na udongo mwekundu: meli, samaki, kanisa, sura za watu. Nao walikuwa mbali na kwao, wengine walikufa kwa maradhi na wengine katika mzingiro wa Waomani wa 1696 hadi 1698. Je, hiyo nayo ni sanaa ya ughaibuni inayoijibu vita?

Mwanzisha uzi

Ni michoro ninayoipenda, na huzuni iliyomo katika zile meli siikatai. Lakini askari aliyekuja na mizinga na kujengewa ngome kati ya 1593 na 1596 ili ailinde njia ya biashara ya mfalme wake hawezi kuwekwa fungu moja na aliyefukuzwa nyumbani kwake. Kuwa mbali na kwenu hakutoshi. Wakati huohuo, ukuta ule unatufundisha jambo kuhusu nani anayehifadhiwa: vijichoro vya askari wasio na majina vimedumu kwa karne tatu na zaidi na sasa vinatunzwa, na watu waliopigwa na mizinga ile hawakuachiwa ukuta.

Mzee wa Bondeni

Mimi napinga hoja kuu ya uzi huu, na nitasema kwa nini.

Mwaka 1988 mji wa Hargeisa, kaskazini mwa Somalia, ulipigwa mabomu na serikali ya nchi yake yenyewe, ndege zikiruka kutoka uwanja wa mji huohuo na kurudi hapo kupakia tena. Maelfu waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbilia Ethiopia. Dunia ilikaa kimya kwa sehemu kubwa. Unadhani kama wangekuwapo wachoraji wa kuonyesha damu ile katika miji mikubwa, hali isingekuwa tofauti? Ni rahisi kwa mtu aliyeketi Makadara, tena katika amani, kupendelea makopo ya asali. Aliyefiwa huenda anataka tuone alichokiona yeye, chote, bila pazia. Msanii Tammam Azzam wa Syria, akiwa Dubai, aliunganisha kwa kompyuta ule mchoro maarufu wa busu wa Gustav Klimt na picha ya jengo la Syria lililotobolewa kwa risasi, na mwanzoni mwa 2013 picha hiyo ikaenea katika intaneti duniani kote. Wako waliodhani kwamba ameuchora ukutani kwa brashi. Ilikuwa na uharibifu, ilikuwa wazi, na ilifika mbali. Kazi zako za barua na mikeka zimeonwa na wangapi?

Jingine ni la fedha. Nani anayeweza kuingia katika majumba hayo ya sanaa? Mkimbizi wa Dadaab au Kakuma hawezi hata kutoka kambini bila kibali, sembuse kwenda London kumtazama fahali. Kazi inaitwa ya waliokimbia vita, lakini anayeitazama ni yule ambaye serikali yake iliuza silaha.

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, nianze na lile la pili, kwa kuwa sina jibu lake la kuridhisha. Ni kweli. Wasanii wengi wa namna hii hulipwa na makumbusho ya nchi zilezile zilizohusika na vita vyao, na Rakowitz mwenyewe ni Mmarekani aliyekuwa akilipa kodi wakati Baghdad inapigwa. Yeye halifichi hilo; ndilo lililomfanya afungue duka. Fahali aliwekwa uwanjani, ambapo mpita njia hakulipa chochote, lakini London ni London.

Kuhusu lile la kwanza, mwaka 1988 tatizo lilikuwa upungufu wa picha. Leo hakuna upungufu huo. Tangu vita vya Sudan vianze tarehe 15 Aprili 2023, simu zetu zimejaa picha za Khartoum na Darfur, na bado vita vinaendelea na misaada haitoshi. Picha za damu zimezidi uwezo wa mtu kuzipokea, na mtu aliyezidiwa hugeuza uso.

Tena kuna hatari ya kuigeuza damu ya watu kuwa tamasha. Mwaka 2019 huko Venice, katika maonyesho makubwa ya kimataifa, msanii wa Uswisi Christoph Büchel alileta meli halisi ya wavuvi iliyozama katika Mediterania mwezi Aprili 2015 ikiwa imewabeba mamia ya wahamiaji, wengi wao Waafrika. Ilisimamishwa kando ya maji, hatua chache kutoka mkahawa, bila maandishi ya kueleza. Watu walikunywa kahawa na kupigana picha mbele ya mahali walipokufa mamia. Hapo hakuna aliyeficha ukubwa wa msiba, lakini marehemu hawakuongezewa heshima hata chembe. Linganisha na Hiwa K, Mkurdi wa Iraq aliyekimbilia Ujerumani. Yeye aliwatafuta watu wa kwao wanaoyeyusha vyuma chakavu vya mabomu na mabaki ya silaha, kisha chuma hicho akakipeleka Italia kwa mafundi wa kengele, na kengele iliyopatikana ikaonyeshwa Venice hiyohiyo mwaka 2015. Katika historia ya Ulaya kengele za makanisa ziliyeyushwa mara nyingi ili kupata mizinga. Yeye aliirudisha safari hiyo kinyume.

Picha ya Azzam naipenda pia, mzee. Lakini angalia: hata yeye alichokiweka juu ya ukuta ule ulikuwa ni busu.

Mwalimu wa Mvita

Nichangie kidogo upande wa lugha na jela, kwa sababu naona uzi unaelekea kwenye michoro peke yake. Mombasa imetoa msanii wa uhamishoni ambaye hatumtaji vya kutosha katika mijadala hii. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa mji huu mwaka 1946, alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa kijitabu cha siasa alichokiandika, na akiwa jela alitunga mashairi kwa siri juu ya karatasi za chooni. Diwani yake ya *Sauti ya Dhiki* ilitoka mwaka 1973, na kwa miaka mingi baadaye aliishi na kufanya kazi Dar es Salaam, London na Leipzig. Hakukimbia vita, najua. Lakini mtazameni sambamba na mchoraji wa Sudan, Ibrahim El-Salahi, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930 na kufungwa mwaka 1975 bila kushtakiwa. Huyo alichora kwa siri juu ya vipande vidogo vya karatasi na kuvizika mchangani ili askari jela wasivione. Alipotoka aliondoka Sudan, na mnamo 1984 na 1985 akachora kwa wino mweusi kazi kubwa ya vipande tisa vinavyounganika. Namna ile ya kuanza na kipande kimoja kidogo na kuacha picha ijiongeze upande wowote aliipata kifungoni. Jela iliingia katika kazi kama njia ya kufanya kazi, bila ya yeye kulazimika kuchora pingu.

Mwandishi wa uzi anaposema tutafute kazi ya mikono, nadhani ndicho anachokusudia. Abdilatif naye alishikilia bahari ya utenzi na shairi la mizani kamili, lugha ya Kimvita ikiwa imejaa, kana kwamba anawaambia waliomfunga kwamba hiyo hawakuigusa.

Bi wa Majengo

Nimekuwa nikisoma kimya tangu jana. Sisi kwetu ni Barawa, na kwa kuwa umeuliza Mombasa ina nini, nitakujibu.

Barawa ni mji wa pwani ya Somalia ambao wenyeji wake huzungumza Chimini, nduguye Kiswahili. Mwaka 1991 wanamgambo waliuingia mji wakaupora, wakaondoka, wakaingia wengine wakapora tena, na wanawake walitendewa mambo ambayo sitayaandika hapa. Watu wakapanda majahazi. Waliofika Mombasa waliwekwa katika kambi, ikiwemo ile ya Utange iliyofungwa katikati ya miaka ya 1990, na wengine walijibanza kwa jamaa Majengo na Mji wa Kale. Baada ya hapo wakatawanyika: wako London, wako Atlanta, na sisi tuko hapa.

Simu wakati huo ilikuwa ghali, na wazee wengi wetu hawakuwa watu wa kuandika barua. Tulitumiana kanda. Bibi angekaa na wanawake wenzake chumbani, wakabonyeza kitufe, wakaanza kwa salamu ya kila jina, wakasema nani amezaa na nani amefariki, kisha wakamaliza upande wa pili kwa tenzi za Chimini, ambazo sisi tunaziita steenzi, zikiwemo za mshairi wetu Dada Masiti aliyefariki mwaka 1919 na ambazo bibi alizihifadhi moyoni tangu utotoni. Kutoka Atlanta ilirudi kanda nyingine ikiwa na sauti za waliokwenda, wakizikariri zilezile, na nyuma yake unasikia mlio wa gari la taka la Kimarekani. Wanawake waliendelea kudarizi kofia huku wanarekodi. Kofia za Barawa mnazivaa Idi na hamuulizi zilikotoka. Kitambaa cha alindi, ambacho wafumaji wa Barawa na Mogadishu walikuwa wakikifuma kwa mkono kabla ya vita, kimekuwa adimu kwetu. Bibi alikuwa na kipande kimoja tu.

Hatukuwahi kudhani kwamba hii ni kazi ya kuwekwa katika uzi wa sanaa. Na mzee wa Bondeni asidhani kwamba hatutaki damu ionekane kwa sababu ya adabu peke yake. Katika kanda hizo hakuna hata moja inayosimulia usiku ule wa kuporwa. Wote waliokuwa wakizungumziana walikuwapo, kwa hiyo hapakuwa na wa kusimuliwa.

Mzee wa Bondeni

Bi mkubwa, maneno yako ya mwisho yamenigeuza nusu. Nusu nyingine ingali inasema kwamba wajukuu hawakuwapo, na wao watahitaji kusimuliwa na mtu. Msanii asipofanya, itafanya serikali au chama cha siasa. Maryam Mursal, mwimbaji wa kundi la Waaberi la Mogadishu, alitoka na watoto wake mwaka 1991 akavuka Pembe ya Afrika hadi Djibouti, akapokewa Denmark, na mwaka 1998 albamu yake ilitolewa na kampuni ya Uingereza ikiwa imejengwa juu ya safari ile. Yeye aliamua kusimulia, kwa sauti na kwa ala, na siwezi kusema alikosea.

Mwanzisha uzi

Wala mimi siwezi kusema hivyo, mzee. Aliyeipita njia ana haki ya kusimulia au kunyamaza, na hoja yangu inawahusu zaidi wanaosimulia kwa niaba.

Bi wa Majengo, kwa heshima nakuomba jambo. Hargeisa walipokuwa wanapigwa, wafanyakazi wa redio na wapenzi wa muziki walizitawanya na kuzificha kanda zao, nyingine zikazikwa ardhini, na leo kituo cha utamaduni cha mji huo kina zaidi ya kanda 10,000 zilizokusanywa na zinazoendelea kunakiliwa kwa njia ya kidijitali. Utepe wa kanda huharibika kwa joto na unyevu, na Mombasa ina vyote viwili. Wapo hapa barazani vijana wenye vifaa vya kunakili. Je, familia yenu ingekubali?

Bi wa Majengo

Nimezungumza na wajomba wawili kabla ya kukujibu. Kanda zenye habari za ndoa, talaka, mirathi na majina ya watu walio hai zitanakiliwa, lakini nakala zitabaki nyumbani kwetu na hazitasikilizwa na mtu wa nje. Zenye steenzi na nyimbo za harusi tutazileta, kwa sharti kwamba anayezinakili awe mwanamke, kwa kuwa waliorekodi walidhani wanasikilizwa na wanawake wenzao, na kwamba jamaa wa London na Atlanta waulizwe kila mmoja juu ya sauti yake. Wa Atlanta amekwisha kuuliza kama kwenye zile alizotuma yeye lile gari la taka litaondolewa kwa kompyuta. Nimemwambia libaki.